Kibanda kinacholala peke yake

Nilisikia maji kabla sijafungua mlango. Ilikuwa asubuhi kavu isiyo na wingu, na karibu na kibanda chetu hakuna kijito, lakini chini ya sakafu kulikuwa na kitu kinachotiririka. Mume wangu alitua begi akanitazama. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu tufike mara ya mwisho. Tenki la lita 3,000 tuliloliacha limejaa lilibaki na maji ya kufunika tope la chini tu, na mbao za sakafu ya jikoni zilikuwa zimeinuka katikati kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa.

Usiku mmoja kati ya wiki hizo saba baridi iligandisha maji ndani ya bomba. Zamani nilidhani bomba hupasuka pale pale barafu inapovimba. Ni kweli kwamba maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, lakini mara nyingi yanayolipasua bomba ni maji ambayo bado hayajaganda. Barafu huanza sehemu moja, ikasukuma maji mbele yake kuelekea kwenye koki iliyofungwa, nayo yakakosa pa kwenda. Shinikizo hupanda mpaka bomba linaachia penye udhaifu. Kisha jua hutoka, barafu ikayeyuka, na maji yakaanza kumwagika saa zote, mchana na usiku, bila mtu wa kufunga koki.

Tangu siku hiyo kila anayeniambia kwamba anataka kununua kibanda mlimani ninamuuliza swali moja. Wengi huja wakitaka kujua mandhari ikoje, mbao ni za aina gani, safari ni ya saa ngapi. Mimi ninauliza: nyumba hiyo itafanya nini siku ambayo haupo? Nina daftari ambalo tunaandika humo kila tunapofika na kila tunapoondoka. Mwaka jana tulilala kule usiku 58. Usiku 307 uliobaki kibanda kililala peke yake, kikavumilia upepo, panya, mvua na baridi bila mtu wa kuwasha taa. Nyumba ya mjini ina mtu wa kusikia tone linapoanza kudondoka. Hii haina.

Kipo mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaishi mita 700. Kwa wastani, joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo usiku ambao huku chini ni nyuzi 12 na tunajifunika shuka moja, kule juu hesabu inaangukia kwenye sifuri. Mwaka wa kwanza sikuwa ninafanya hesabu hiyo. Nilipima hali ya mlima kwa baridi ya dirishani kwangu, na makosa yetu mengi ya mwanzo yalianzia hapo.

Lakini kabla ya maji kuna njia, na njia ilitusumbua kuliko kitu kingine chochote.

Tulipokuwa tunanunua tulikagua hati miliki, tukamwita mpimaji, tukaonyeshwa bikoni zote nne. Kiwanja kilikuwa safi kabisa. Ila kukifikia unatoka barabara kuu, unapita mita 900 ndani ya shamba la mtu mwingine, halafu unashuka garini na kutembea mita 400 za mwisho. Muuzaji alisema, "Hapa tunapita miaka yote, mzee hana neno." Tukaenda kwa mzee mwenyewe. Alitukaribisha, akatuambia tupite tu, jirani hakatazwi njia. Alimaanisha alichosema, na alilitimiza neno lake mpaka alipofariki. Mwaka wetu wa nne watoto wake waliliuza shamba. Tulipofika safari iliyofuata tulikuta mnyororo umefungwa kati ya nguzo mbili mpya, na nyuma yake mtu tusiyemjua.

Alituambia kwa adabu, "Mama, mimi nimenunua shamba. Njia sikuinunua kwa sababu haimo kwenye karatasi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ruhusa ya mdomo ni ya mtu na mtu. Yule aliyeitoa akiondoka, au ardhi ikihamia kwa mwingine, ruhusa nayo kwa kawaida huondoka. Inayobaki ni haki ya njia iliyoandikwa na kusajiliwa juu ya ardhi yenyewe, kwa sababu hiyo humfunga kila atakayeimiliki baadaye. Nchi nyingi zina namna ya kumsaidia aliyezingirwa na ardhi za wengine. Sheria ya kiraia ya Ufaransa, kwa mfano, katika kifungu chake cha 682 humruhusu mwenye kiwanja kisicho na pa kutokea kudai njia kwa jirani, mradi alipe fidia ya hasara anayosababisha. Lakini kudai ni safari, na wakati ukiidai nyumba yako iko ng'ambo ya mnyororo. Ilituchukua miezi kumi na tisa. Kwa miezi hiyo tulipanda kwa miguu kutoka barabara kuu, tukibeba kila kitu mgongoni, na yule bwana hakuwahi kutuzuia kupita kwa miguu. Ninamshukuru kwa hilo hadi leo, na mnyororo ulipofunguliwa tulikuwa tumeshakunywa naye chai mara nyingi.

Waraka wetu wa haki ya njia sasa unasema mambo ambayo sikuwahi kufikiri kwamba yanahitaji kuandikwa. Upana wa njia ni mita 4. Inapitika kwa miguu na kwa gari, hata lori la kubeba mchanga. Tunaruhusiwa kuitengeneza, si kuipita tu, na hizo ni haki mbili tofauti. Umeandikwa nani anafukua mitaro na nani analipia karavati likiziba. Pia bomba letu la akiba, linalotoka kwenye chemchemi iliyo ndani ya shamba la yule bwana, limetajwa kwa mchoro, maana haki ya kupita juu ya ardhi haikupi haki ya kufukia bomba chini yake. Ukikagua nyumba ya mlimani na muuzaji akakuambia kwamba njia "inajulikana", omba uone imeandikwa wapi. Isipokuwa imeandikwa, hesabu kwamba umenunua kiwanja kisicho na mlango.

Kumiliki nyumba hakumaanishi kumiliki kila kitu kinachoizunguka, na hilo watu hulijua wakiwa wameshachelewa. Katika misitu ya taifa ya Marekani kuna vibanda vya mapumziko vilivyojengwa chini ya utaratibu uliotokana na sheria ya 1915. Mbao na paa ni mali ya familia, ardhi ni ya umma, mwenye kibanda hukaa kwa kibali chenye ukomo, na haruhusiwi kukifanya makazi yake ya kudumu. Norway ina sheria ya 1957 inayompa mtu yeyote haki ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa, hata iwe na mwenyewe, na kupiga hema pia, ila asikaribie nyumba au kibanda chenye watu chini ya mita 150. Uswisi walikwenda mbali zaidi. Tarehe 11 Machi 2012 wapiga kura walikubali kwamba nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila wilaya ndogo. Walichoka na vijiji vya milimani ambavyo madirisha yake huwa giza sehemu kubwa ya mwaka, na katika mjadala wao nyumba hizo ziliitwa "vitanda baridi". Neno hilo lilinigusa. Kitanda chetu ni baridi siku 307, na wanaoishi mlimani mwaka mzima wana haki ya kutuuliza tunauachia nini mlima wao.

Kwetu vibali vilikuwa vinne: cha ujenzi, cha kukata miti mitatu iliyoegemea paa, cha choo, na cha kuchota maji kwenye chemchemi. Choo kilipimwa kwa kamba mbele yetu. Kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na sehemu ya chini ya shimo iwe si chini ya mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Fundi wetu alitaka kukiweka mahali pazuri zaidi kwa kutazama bonde, na nilimkatalia, kwa sababu pale pangekuwa juu ya chemchemi. Mwenye nyumba ya mteremkoni asisahau kwamba daima kuna mtu anayekunywa maji chini yake.

Sasa maji. Tunakinga mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa letu la bati la mita za mraba 48 likipata milimita 20 linatoa lita 960. Toa maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, ambayo tunayaelekeza nje kwa bomba la pembeni, unabaki na kama lita 800. Kwa watu wanne wasiooga kwa fujo hizo ni siku kumi au zaidi. Maji ya kunywa tunayachemsha hata yakionekana maangavu. Kwenye mwinuko wetu maji huchemka karibu na nyuzi 91, si 100, ndiyo maana ushauri wa afya kwa walio juu ya mita 2,000 ni kuyaacha yatokote kwa dakika tatu badala ya moja. Na chochote cha kuchemshwa kinachelewa kuiva. Mgeni akikaa jikoni akiangalia sufuria, ninamwambia mapema asubiri.

Baada ya ile sakafu kuinuka tulibadilisha kila kitu kinachohusu kuondoka. Bomba zote za ndani zina mteremko kidogo kuelekea koki moja ya kumwagia, iliyo mahali pa chini kabisa, nje. Kwanza tunafunga koki ya tenki, kisha tunafungua ile ya chini, kisha tunafungua koki zote za ndani na kuziacha wazi ili hewa iingie na maji yatoke yote. Zinabaki wazi mpaka turudi. Ndani ya kona ya bomba chini ya sinki hubaki maji ambayo hayatoki kwa mteremko, na hayo tunayachanganya na dawa ya kuzuia kuganda isiyo na sumu, aina ya propilini glaikoli. Usitumie ile ya rejeta ya gari. Nyingi zina ethilini glaikoli ambayo ni sumu, na mbwa huipenda kwa sababu ni tamu.

Kuni nazo zina sheria zake, ingawa hakuna ofisi inayozisimamia. Ukichoma kuni zenye unyevu zaidi ya asilimia 20, sehemu ya moto wako inatumika kukausha kuni badala ya kukupasha joto, na moshi wake mzito hugandia ndani ya bomba la moshi, ukaacha utando mweusi kama lami. Utando huo unawaka. Nyumba nyingi za mbao zimeungua kwa moto ulioanzia ndani ya bomba la moshi huku watu wamekaa raha mbele ya jiko. Tunapasua kuni za mwaka kesho mwaka huu, tunazipanga chini ya bati kuukuu huku pembeni pakiwa wazi, na tunapima kwa kifaa kidogo chenye meno mawili unachokichomeka kwenye upande uliopasuliwa. Bomba la moshi tunalipiga brashi kila mwaka kabla ya msimu wa baridi. Na kuna kengele mbili ukutani, moja ya moshi na moja ya kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayomuua mtu usingizini. Usilete jiko la mkaa ndani ya kibanda kilichofungwa, hata kwa dakika kumi za kuota. Hili ninalisema kwa kila mgeni, akiwa mkubwa au mdogo, na hakuna aliyewahi kukasirika.

Mtungi wa gesi ulitufundisha jambo la kemia. Usiku wa baridi kali jiko la gesi lilikataa, na mtungi ulikuwa mzito, umejaa. Gesi nyingi za kupikia ni mchanganyiko wa butani na propani. Butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka kufikia karibu nusu nyuzi chini ya sifuri, wakati propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Ukiwa mlimani, uliza mtungi una nini ndani. Na kwa kuwa gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa, zikivuja hulala sakafuni na kwenye mashimo, kwa hiyo mitungi yetu inakaa nje, juu ya jukwaa lenye hewa, mbali na tundu la chini ya nyumba.

Moto wa msituni ni hofu yangu kubwa zaidi, kwa sababu ukija tutakuwa hatupo. Jack Cohen, mtafiti wa moto aliyefanya kazi miaka mingi katika Shirika la Misitu la Marekani, alionyesha kwamba nyumba nyingi hazichomwi na ukuta wa moto unaokuja mbele yake. Huchomwa na cheche zinazopeperushwa na upepo na vimoto vidogo vinavyotambaa kwenye nyasi mpaka ukutani. Nilipoelewa hilo niliona kwamba kuna kitu ninachoweza kukifanya. Mita moja na nusu za kwanza kuzunguka kuta zote ni kokoto tupu, hakuna ua, hakuna mkeka, hakuna ufagio ulioegemezwa. Majani makavu kwenye gata tunayatoa kila ziara. Kuni ziko mita 9 kutoka kwenye ukuta, jambo ambalo linaudhi usiku wa mvua, na nimelikubali. Matundu ya hewa chini ya paa yana wavu wa chuma wenye vitobo vidogo ili cheche isiingie darini.

Panya nitawataja kwa kifupi. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6, upana wa penseli ya kawaida, kwa hiyo tunaziba kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria kisha saruji au gundi juu yake. Muhimu zaidi ni namna ya kusafisha ukikuta vinyesi vyao. Usifagie vikiwa vikavu. Baadhi ya panya wa porini hubeba virusi vya hanta, ambavyo mtu huvivuta pamoja na vumbi, na mwaka 1993 ugonjwa huo uliua watu kusini magharibi mwa Marekani kabla madaktari hawajaujua. Fungua madirisha, toka nje nusu saa, rudi na glavu, nyunyizia maji yenye klorini, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, subiri dakika tano, kisha futa kwa karatasi. Bibi wa shamba la jirani aliponiona ninafanya hivyo alidhani kuna mgonjwa ndani.

Umeme wetu ni wa sola. Paneli hufanya kazi vizuri kwenye baridi, tena vizuri kuliko kwenye joto. Tatizo ni betri. Zile za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, zinaharibika ndani bila kuonyesha, hivyo tulihakikisha betri ina kifaa cha kukata chaji yenyewe baridi ikizidi, na tuliiweka ndani ya kabati lililowekewa sponji. Jenereta la petroli tulilipeleka mwaka wa pili na kulirudisha. Kwenye hewa nyepesi ya mwinuko wetu lilikuwa limepoteza karibu robo ya nguvu zake, na kelele yake ilisikika bonde zima.

Kuhusu bima, soma kipengele cha nyumba tupu. Bima nyingi za nyumba hupunguza au kuondoa ulinzi nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60 mfululizo, na kibanda cha mlimani ndivyo kilivyo kwa asili yake. Ile ya kwanza tuliyokuwa nayo haikulipa chochote kwa sakafu iliyoinuka, kwa sababu wiki saba ni siku 49 na kikomo chao kilikuwa 30. Sasa tuna bima inayokubali nyumba ya mapumziko kwa masharti mawili: maji yamwagwe tukiondoka, na mtu akikague kibanda kila baada ya siku 30 na kuandika. Yule bwana wa mnyororo ndiye anayekagua. Tunamlipa kwa kila safari, na anasaini kwenye daftari kwa mwandiko wake uliolala kulia: "Mlango sawa. Paa sawa. Tawi moja limeanguka, nimelitoa."

Nimeacha kwa makusudi jambo moja mpaka sasa, kwa sababu bado linanipandisha mapigo ya moyo. Mwaka wa sita wifi yangu alikuwa anapasua kuni, shoka likateleza kwenye fundo la mti likamkata chini ya goti. Damu ilikuwa nyingi. Mume wangu alikandamiza jeraha kwa taulo kwa mikono yote miwili, na mimi nilikimbia dakika ishirini kupanda kwenye jiwe ambalo ndipo simu hupata mtandao. Nikampata mtu wa huduma ya dharura. Sauti yake ilikuwa tulivu. Akauliza, "Mko wapi?"

Nilijua kila jiwe la mahali pale, na sikuwa na jibu ambalo mgeni angeweza kulitumia. Nilimwambia kona ya pili baada ya mti mkubwa. Nikamwambia kibanda cha bati la kijani. Walipotufikia zilikuwa zimepita saa nne, na nusu ya muda huo waliupoteza kwenye njia nyingine ya mlima. Wifi alipona, ana kovu refu na anatembea vizuri. Mimi ndiye nilibaki na lile swali.

Nyuma ya mlango sasa kuna karatasi iliyowekwa ndani ya plastiki. Ina majira ya nukta ya kibanda kwa tarakimu, latitudo na longitudo, vilevile ya mahali gari linapoishia, na ya uwanja wa nyasi ambako helikopta inaweza kutua. Ina maelezo ya njia kwa mtu asiyewahi kufika, na namba ya jirani mwenye funguo. Mgeni yeyote, hata mtoto anayejua kusoma, anaisoma kwa sauti siku ya kwanza. Tumenunua pia kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti. Kwenye sanduku la huduma ya kwanza kuna bandeji za kukandamiza, na mimi na mume wangu tulisoma kozi ya siku mbili ya kuokoa watu mahali palipo mbali na hospitali. Shoka linatumiwa na mtu aliyevaa buti ngumu, na kamwe si na mtu aliye peke yake. Kabla ya kupanda tunamwachia ndugu mmoja siku na saa ya kurudi, na saa ambayo ikipita bila habari atafute msaada.

Mafundi hawapendi kuja, na siwalaumu. Siku nzima inakwenda kwa kazi ya saa moja. Kwa hiyo kuna kasha la vipuri: pete za mpira za koki, fyuzi, skrubu za bati, kipande cha bomba na viungio vyake, kamba ya kuziba mlango wa jiko, wavu. Kila kinachotumika kinaandikwa daftarini ili kirudishwe safari ijayo. Nimejifunza kubadilisha koki, kuunga bomba na kupiga bati. Nilikuwa mtu wa ofisini ambaye hakuwahi kushika spana, na ninapenda mikono yangu ilivyo sasa.

Ukutani jikoni, kwenye upande usiopigwa jua, tumetundika kipimajoto kinachokumbuka baridi kali kuliko zote zilizopita tangu kilipowekwa upya mara ya mwisho. Ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama tukiingia, kabla hata ya kufungua madirisha. Safari iliyopita, baada ya siku 41, kilionyesha nyuzi 6 chini ya sifuri. Nilipiga magoti, nikapapasa sakafu chini ya sinki. Ilikuwa kavu. Koki zote zilikuwa wazi kama tulivyoziacha, na ndani ya ile ya jikoni buibui alikuwa ameshatandaza utando wake. Nilimtoa kwa kijiti, nikamwita mume wangu aliyekuwa amesimama nje kwenye tenki, akafungua maji.

Koki ilikohoa hewa kwa muda, kisha maji yakatoka.